Tabaka Lisilokuwapo Lisijengwe kwa Kimya

Imeenea rai miongoni mwa watunga programu wa Kampala, tangu wanafunzi wa Makerere wanaoandika programu zao za mwanzo hadi mafundi wa Ntinda na Kololo wanaolipwa kwa kazi za wizara na mashirika, ya kwamba mtu akitaka kuweka thamani ndani kabisa ya muundo wa data wenye matabaka mengi, chombo kilicho bora kuliko vyote ni kile kinachopokea njia nzima, yaani majina ya matabaka kwa mfuatano wake, kwa mkupuo mmoja, kikashuka nayo hadi mwisho wake, na kila kinapokuta tabaka halipo kikalijenga chenyewe bila ya kuuliza wala kutoa habari. Rai hii ni kosa, na madhara yake hayawafikii wale wanaoishika bali huwafikia watu walio mbali nao, wasioijua programu wala mwandishi wake.

Msomaji asiye wa fani hii na aifikirie nchi yetu. Ndani ya Uganda mna wilaya. Ndani ya wilaya mna masaza. Ndani ya saza magombolola. Ndani ya gombolola miluka. Ndani ya muluka vijiji. Na ndani ya kijiji mna watu na hesabu zao. Programu inayotunza habari za nchi kwa mpangilio huo haiwezi kuandika idadi ya watoto waliochanjwa katika kijiji kimoja mpaka ipite matabaka yote yaliyo juu yake. Swali linalotugawa ni hili: programu ifanye nini ikifika kwenye tabaka la tatu na kulikuta halipo?

Insafu yataka rai ielezwe kwa ukamilifu kabla ya kupingwa, nami nitaieleza kama wenyewe wanavyoieleza. Hoja zao ni nne. Ya kwanza ni wepesi: kupima kila tabaka kabla ya kuandika huzaa mistari mitano ya masharti kwa ajili ya mstari mmoja wa kazi, na msomaji wa msimbo huo hupotea katika masharti asilione kusudi. Ya pili ni kwamba njia hujieleza: aliyetaja wilaya, gombolola na kijiji amekwisha kusema ni umbo gani analolitaka, basi hakuna haja ya kumwuliza tena. Ya tatu ni ushahidi wa wakubwa: lugha mashuhuri zimeruhusu jambo hili kwa miaka mingi na dunia haikuharibika. Ya nne, ambayo ndiyo yenye huruma zaidi, ni kwamba habari zitokazo mashambani hufika pungufu, na mfumo unaokataa habari kwa sababu ya tabaka moja lililokosekana humwadhibu mhudumu aliyetembea mchana kutwa kuzikusanya. Hoja hizi nitazichukua moja baada ya moja, kisha nitataja gharama mbili ambazo wenye rai hawazitaji kabisa.

1. Kwamba ni wepesi wa uandishi tu

Mistari hupungua, hilo sina haja ya kulikana. Lakini mistari iliyoondolewa ilikuwa imebeba swali, nalo ni hili: je, mahali hapa pako? Chombo kinachojenga kwa kimya hakikulijibu swali hilo, bali kimelifuta, na mahali pake kimeweka jibu la ndiyo ambalo hakuna mtu aliyelitoa.

Tazama Kampala yenyewe. Mji huu una divisheni tano: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa, na ile ya magharibi ambayo katika baadhi ya nyaraka huandikwa Rubaga na katika nyingine Lubaga. Mkazi wa Kampala akiyaona maandishi hayo mawili hasiti hata kidogo, kwani anajua kuwa mahali ni pamoja. Kompyuta haijui. Karani mmoja akileta hesabu za chanjo ya surua chini ya Rubaga, na mwenzake akazileta za mwezi uliofuata chini ya Lubaga, amri inayojenga kwa kimya haitatoa hitilafu yoyote; itazaa divisheni ya sita, ikaipa mahali pake katika mji, na kuendelea na kazi.

Kinachofuata ndicho kibaya zaidi. Ikiwa jumla ya mji inapatikana kwa kujumlisha kila kilichomo chini ya Kampala, jumla hiyo itakuwa sahihi, na mkaguzi anayetazama jumla ataipitisha kwa moyo mweupe. Upungufu utakuwa umejificha chini, katika divisheni moja, ambako dozi za mwaka ujao zitapangwa kwa hesabu nusu. Na ikiwa jumla inapatikana kwa kuyaita majina matano yanayojulikana, basi mji mzima utapungukiwa, na zile hesabu za Lubaga zitalala katika hifadhidata kama kwamba watoto wale hawakuchanjwa kamwe. Herufi moja imetoa makosa mawili yaliyo kinyume, na lipi kati yake litatokea linategemea namna mtu mwingine, pengine katika ofisi nyingine, alivyoamua kujumlisha. Laiti chombo kingesema hapo mwanzoni kwamba divisheni ya jina hilo haijulikani, karani angeirekebisha papo hapo, angali na karatasi mkononi. Kazi aliyoikwepa mtunga programu haikutoweka. Imehamishiwa kwa mtu atakayeifanya baadaye, kwa taabu kubwa zaidi, asipokuwa na ile karatasi.

2. Kwamba njia hujieleza

Njia haijielezi. Msimbo wa simu wa Uganda ni 256, na mfano huo mmoja watosha kuwa burhani. Chukua maktaba ya lodash, ambayo watunga programu wa JavaScript duniani kote huitumia, uiamuru iweke jina la Uganda katika njia ya matabaka matatu: nchi, kisha 256, kisha jina. Kwa kuwa kipande cha pili kina umbo la namba, na tabaka la nchi halikuwapo, lodash itadhani kwamba ulitaka safu yenye nafasi zilizohesabiwa, nayo itajenga safu ya nafasi 257, ambazo 256 za mwanzo ni tupu na Uganda imekaa mwishoni. Safu hiyo ikigeuzwa kuwa maandishi ya JSON ili ipelekwe kwenye seva nyingine, itasafiri ikitanguliwa na tupu 256. MongoDB ikipewa njia hiyo hiyo katika amri yake ya kuweka, hujenga hati yenye ufunguo uitwao 256. Amri ya assoc-in ya lugha ya Clojure hujenga kamusi. Njia ni moja, vyombo ni vitatu, na maumbo hayawi mamoja. Basi ni nani aliyesema kwamba njia inajieleza?

Kadhalika nukta. Wengi huandika njia kama maneno yaliyotenganishwa kwa nukta, kwa kuwa ni fupi na hupendeza macho. Sasa weka idadi ya vitanda chini ya jina la St. Francis Hospital Nsambya. Nukta iliyo baada ya St itasomwa kuwa mpaka wa tabaka, na katika orodha yako ya hospitali patazuka hospitali iitwayo St, ambayo ndani yake mna kitu kiitwacho Francis Hospital Nsambya, ambacho ndani yake mna vitanda. Hospitali nyingine zote zenye jina la mtakatifu zitaingia humo humo.

Hapa wenye rai hujibu kwamba dawa ipo: njia iandikwe kama orodha ya vipande badala ya maneno yenye nukta. Dawa hiyo huponya ugonjwa wa Nsambya na kuuacha ule wa 256 kama ulivyokuwa. Hujibu tena kwamba lodash ina amri nyingine, setWith, ambayo humwezesha mtunga programu kutaja umbo analolitaka lijengwe. Ni kweli, na jibu hilo ndilo linaloibomoa hoja yao, kwani maadamu mtu hana budi kutaja umbo ili matokeo yawe sahihi, imethibiti kwamba njia peke yake haikulitaja.

3. Kwamba lugha kubwa zimeridhia

Historia ya lugha hizo yasema kinyume. Perl ndiyo lugha iliyofika mbali zaidi katika kujenga kwa kimya, tangu Perl 5 ya mwaka 1994, hata ikawa kuuliza tu kama kitu kiko ndani ya Rubaga huacha nyuma Rubaga tupu ambayo haikuwapo kabla ya swali. Taathira ya jambo hilo ilikuwa kwamba watumiaji wa Perl wenyewe waliandika moduli ya kuizuia lugha yao isifanye hivyo. PHP, iliyofuata njia karibu na hiyo, katika toleo la 8.1 la mwaka 2021 ilianza kutoa onyo pale ambapo thamani ya uongo wa kimantiki hugeuzwa kuwa safu bila ya kuagizwa. Ruby iliongeza amri ya dig katika toleo la 2.3 la mwaka 2015, ya kuchimbua thamani kutoka ndani ya matabaka; watu wakapendekeza ndugu yake wa kuzika thamani humo, na pendekezo hilo halikuingizwa katika lugha.

Lugha nyingine ziliweka mpaka dhahiri shahiri tangu mwanzo. Katika Go, kusoma kutoka kamusi ambayo haijaundwa hukupa thamani ya sifuri bila ya ugomvi, lakini kuandika ndani yake huisimamisha programu. JavaScript, katika kanuni zake za mwaka 2020, iliweka alama ya kusoma kupitia tabaka linaloweza kukosekana, na ikakataza alama hiyo hiyo isitumike upande wa kushoto wa kuandika. Elixir ina amri ya put_in, na tabaka la kati likikosekana, amri hiyo hutoa hitilafu. Na kanuni ya RFC 6902 ya Aprili 2013, inayoeleza namna ya kurekebisha hati za JSON, yasema wazi kwamba anayeongeza kitu lazima mzazi wa kitu hicho awe amekwisha kuwapo.

Watanitajia RFC 7396 ya Oktoba 2014, ambayo huunganisha hati na kujenga kila kisichokuwapo. Nami nakiri kuwa ipo. Lakini wanaoitaja wakumbuke sharti lake: katika kanuni hiyo thamani tupu ina maana ya kufuta, kwa hiyo hakuna namna ya kuandika kwamba kitu kipo nacho hakina thamani. Katika kazi za afya, ambako kutopimwa na kutokuwapo ni mambo mawili tofauti, sharti hilo ni zito.

Sababu ya lugha hizo kutofautisha kusoma na kuandika si ya bahati. Anayesoma mahali pasipokuwapo akaambiwa hapana kitu, ameambiwa kweli. Anayeandika mahali pasipokuwapo akakubaliwa, ameufanya ulimwengu wa data useme jambo ambalo hakuna aliyelishuhudia.

4. Kwamba ni heri kupokea kuliko kusimamisha kazi

Hoja hii inastahili heshima kuliko nyingine, kwa kuwa imejengwa juu ya huruma kwa mhudumu wa afya wa kijijini. Lakini huruma yake imekosea mahali pa kukaa. Inadhani kwamba kinyume cha kusimama ni usalama, ilhali kinyume cha kusimama ni kuendelea, na kuendelea kwaweza kuwa kwenye njia iliyopotoka.

PostgreSQL, hifadhidata inayotumiwa na mifumo mingi ya nchi zetu, yatosha kuonyesha. Tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016 ina amri ya jsonb_set. Tabaka la mwisho likikosekana, huliongeza. La kati likikosekana, huirudisha hati kama ilivyokuwa bila ya neno, na taarifa ya kazi husema kwamba safumlalo moja imesasishwa. Mhudumu ameambiwa habari yake imepokewa, nayo imetupwa. Amri hiyo hiyo ikipewa thamani tupu ya hifadhidata kwa ajili ya kipande kimoja, jibu lake huwa tupu kwa hati nzima, na asiye na hadhari atafuta habari zote za mtu kwa kutaka kubadili moja. Hata ikabidi toleo la 13 la mwaka 2020 liongeze amri ya pili yenye uangalifu zaidi. Kisha toleo la 14 la mwaka 2021 likaleta namna nyingine ya kuandika, kwa mabano, ambayo hujenga matabaka yote yaliyokosekana. Ndani ya hifadhidata moja mna kutupa kwa kimya, kufuta kwa kimya na kujenga kwa kimya, na katika hali zote tatu kazi haikusimama. Je, mhudumu amenufaika na nini?

Na si kweli kwamba hatuna budi kuchagua kati ya kumfukuza mhudumu na kumeza kila alicholeta. Habari yaweza kupokewa nzima kama ilivyofika, ikawekwa katika foleni ya kusubiri pamoja na sababu ya kusubiri, na mwenye mamlaka ya orodha ya mahali akaitazama na kuamua. Mhudumu huenda zake, habari yake haipotei, na hakuna kijiji kilichozuliwa.

5. Gharama isiyotajwa: mamlaka mikononi mwa mgeni

Amri inayopokea njia na kuifuata popote iendako humpa mamlaka yeyote anayeweza kuiandika njia hiyo. Katika JavaScript karibu kila kitu kina mzazi wa kimaumbile ambaye sifa zake hurithiwa na vitu hivyo vyote, na mzazi huyo hufikiwa kwa majina maalumu yanayoweza kuandikwa ndani ya njia kama jina jingine lolote. Mtu mwenye nia mbaya akituma fomu ambayo mojawapo ya funguo zake ni jina hilo, chombo kitiifu kitashuka hadi kwa mzazi wa wote na kuandika humo, na papo hapo karibu kila kitu katika programu kitarithi alichoandika: yamkini cheo cha msimamizi, yamkini ruhusa ya kuona rekodi za wagonjwa. Mwaka 2019 kasoro ya namna hiyo ilitangazwa katika amri ya defaultsDeep ya lodash kwa namba CVE-2019-10744, ikarekebishwa katika toleo la 4.17.12, na mwaka 2020 ikatangazwa nyingine ya jamii yake katika maktaba hiyo hiyo.

Mafundi wa lodash hawakuwa wazembe. Walikuwa wametimiza ahadi ambayo rai ninayoipinga iliwataka waitimize, yaani kufuata kila njia na kutouliza. Uganda ilipata sheria ya kulinda data na faragha mwaka 2019, sheria inayomtaka mwenye kukusanya habari za watu ahakikishe kuwa ni kamili na sahihi na hazipotoshi. Mwenye mfumo unaojenga mahali na majina kwa amri ya yeyote anayetuma fomu hawezi kuutimiza wajibu huo kwa uhakika, hata akiwa na nia njema.

6. Gharama ya pili: nchi hubadilika na njia huchakaa

Sensa ya mwaka 2002 iliikuta Uganda ina wilaya 56. Sensa ya mwaka 2014 ilikuta 112, Kampala ikiwemo. Kufikia Julai 2020 zilikuwa 135 mbali na Kampala, na mwezi huo huo Gulu, Mbarara, Jinja, Mbale, Masaka, Arua na Fort Portal zikapewa hadhi ya majiji ya kanda. Terego, iliyokuwa sehemu ya Arua, ikawa wilaya yenyewe.

Sasa fikiria simu ya mhudumu iliyokaa wiki kadhaa bila ya mtandao, yenye programu iliyoandikwa Terego ingali ndani ya Arua. Inapopata mtandao hutuma habari zake kwa njia ya zamani. Seva imekwisha kuiondoa Terego chini ya Arua. Amri inayojenga kwa kimya itaifufua humo, na nchi katika hifadhidata itakuwa na Terego mbili: moja ya sheria na moja ya chombo. Kila mara Bunge linapogawa wilaya, mifumo yote iliyotunza thamani zake kwa njia ya matabaka hupata fursa mpya ya kuzua mahali.

Waliojenga mifumo mikubwa inayotumika kwetu walikwisha kuliona hili. DHIS2, inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo Wizara ya Afya ya Uganda imeitumia nchi nzima tangu mwaka 2012, haizitunzi hesabu ndani ya mti wa wilaya na magombolola. Kila hesabu hukaa peke yake katika mstari bapa, ikitaja ni ya kipimo gani, ya kipindi gani na ya mahali gani. Na mahali hutajwa kwa kitambulisho cha herufi na tarakimu 11 ambacho hakibadiliki ijapokuwa jina au mzazi amebadilika. Mti upo, lakini ni uhusiano wa mahali kwa mahali, na tawi likihamishwa hesabu hazisogei. Community Health Toolkit, inayotumiwa na wahudumu wa vijijini hapa kwetu na Kenya, huweka ndani ya hati ya kila mtu ukoo wa mahali pake. Zamani hati ilibeba habari kamili za wazazi wote, kisha ikapunguzwa hadi kubaki vitambulisho tu, na kuhamisha watu kutoka mahali hadi mahali pengine kukawekewa amri yake mahsusi, inayotekelezwa kwa makusudi.

Lipasalo kufanywa

Kujenga tabaka ni uamuzi, na uamuzi hauna budi kuwa na mwenyewe. Basi amri ya kuandika ndani ya matabaka na ikatae kwa sauti pale tabaka linapokosekana, ikitaja ni lipi na katika njia gani. Kujenga kuwe amri ya pili, yenye jina lake, inayoitwa na mtu mwenye idhini na kuacha kumbukumbu ya nani aliyeiita na lini. Majina ya mahali yatoke katika orodha moja yenye msimamizi, na kila jina liwe na kitambulisho, ili Rubaga na Lubaga zikutane kabla ya kuandikwa. Funguo zitokazo kwa wageni zisiwe njia mpaka zimelinganishwa na orodha ya zinazoruhusiwa. Na anayeanza mfumo mpya ajiulize kama thamani zake zina haja ya kukaa ndani ya matabaka sita; aghalabu hazina.

Mtu anayehesabu maneno ndani ya programu yake mwenyewe, akaagiza tangu mwanzo kwamba kila neno jipya lianzie sifuri, hakosei, kwa kuwa amesema atakalo mahali linapoonekana. Ninayempinga ni yule anayeukabidhi uamuzi huo kwa chombo kisha akaona fahari kwamba msimbo wake ni mfupi. Walimu wa Makerere wanaowapa alama wanafunzi kwa ufupi wa msimbo, na wakuu wa ofisi wanaopitisha kazi za vijana wao, waanze kuuliza swali moja kwa kila mstari unaoandika ndani ya matabaka: tabaka hili lisipokuwapo, ni nani atakayejulishwa? Msimbo usio na jibu la swali hilo urudishwe kwa aliyeuandika, hata kama unafanya kazi.